Fundi Ulimi na Gari la Kimya

Gari jekundu lilishuka mteremko polepole, bila kuunguruma, likaja kusimama mbele ya banda la Fundi Ulimi kama lililotumwa. Lilikuwa spoti ya milango miwili, fupi, pana, tumbo linakaribia kugusa lami. Akateremka mzee mmoja mwenye suti iliyopauka mabegani, akatoa leso, akapenga mafua, kisha akafuta boneti kwa leso hiyohiyo.

Fundi Ulimi alimeza mate. Gari kama lile mikononi mwa mzee kama yule ilikuwa ni riziki iliyokosea njia, na yeye alikuwa mtu wa kuionyesha riziki njia.

Jina la Ulimi alipewa na waliomjua. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na nyoka akishatoka, angeiacha ngozi yake kama dhamana. Kazi yake, kwa mujibu wa kibao mlangoni, ilikuwa kunyamazisha magari: unamletea gari lenye kelele, analivalisha mikeka mizito ndani ya milango na chini ya zulia, unaondoka ukisikiliza redio yako kwa raha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kibao. Kazi ya Ulimi ilikuwa nyingine. Alipokuwa akimsalimia mteja kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulikuwa unatumbukiza nati ndani ya kofia ya gurudumu. Mteja akiendesha hatua kidogo anasikia kokoto, kokoto, anachanganyikiwa. Gari linaachwa, Ulimi analala ndani yake, anaitoa nati, analipwa. Mikeka hata haikununuliwa.

Banda lenyewe lilikuwa la shangazi yake. Mbele shangazi alishona magodoro, nyuma mtoto wa kaka yake alishona watu. Wateja walipozidi kurudi wakifoka, shangazi alimwekea sharti, na asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kununua vitambaa, alilirudia akiwa amemnyooshea kidole.

"Magodoro haya yafike hosteli ya wanafunzi leo alasiri. Pikapu ile pale ndiyo miguu yangu. Nisikie mteja mmoja tu analalamika, au pikapu imepata mchubuko, utahama hapa wewe na bisibisi zako. Umenisikia?"

"Shangazi, mimi na mchubuko wapi na wapi!"

Sasa magodoro yalikuwa bado yamerundikwa sakafuni, pikapu imesimama tupu, na Ulimi ameshasahau kama duniani kuna hosteli.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayenyamazisha?"

"Ndiye mimi. Wengine wote unaowasikia ni wanafunzi wangu waliofeli."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Akaeleza kwamba gari aliachiwa na marehemu mdogo wake, kijana wa mbio na miwani. "Sasa mke wangu akipanda, ananiuliza habari za wajukuu, mimi namjibu bei ya mchele. Hatusikilizani. Juzi kaniuliza kama bado nampenda, nikamwambia iko kwenye droo. Ndoa inakwenda mrama, mwanangu."

"Pole sana, mzee. Lakini mbona umekuja umezima injini?"

"Mteremko ni wa bure. Petroli inanunuliwa."

Bahili tena mshamba, Ulimi akajisemea, moyo ukimchezea ngoma. Akatia sura ya daktari. "Niachie gari, mzee. Urudi kesho kutwa."

"Nirudi wapi? Nyumbani kuna mke aliyenuna. Nitakusubiri hapahapa." Mzee akapanda juu ya rundo la magodoro, akakunja miguu, akastarehe. "Na mikeka usijisumbue kutafuta. Nimekuja nayo, imo kwenye buti."

Kweli ilikuwemo. Mikeka myeusi, mizito, upande mmoja gundi, upande wa pili unang'aa kama sufuria mpya. Ulimi aliitazama kama mtoto mtoro anavyotazama daftari. Hakuna kulala, hakuna nati, na mzee ana macho mawili yote mazima.

Ikabidi afanye kazi. Akafungua viti, akang'oa zulia, akabandua kava za milango. Akafuta vumbi, akabandika mkeka juu ya bati, akaukandamiza kwa chupa ya soda ili gundi ishike. Jasho likamtoka sehemu ambazo hakujua kama zina jasho. Yapasa isemwe hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema, kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kwanza katika maisha ya Fundi Ulimi kufika mwisho.

"Pale mbele, mwanangu, kwenye ukuta wa injini. Ongeza."

"Nimeshaweka, mzee."

"Mke wangu ana sauti ndogo. Ongeza."

Akaongeza. Mzee akasinzia, akaamka, akasema aongeze tena. Mwisho miguu ya dereva ilikuwa imebakiziwa nafasi ya kuchungulia tu. Lakini Ulimi hakulalamika, maana kadiri alivyolikumbatia gari lile ndivyo lilivyomwingia moyoni. Alikuwa akikaza kiti, akajiona amekikalia. Akajiona anapita mtaani kwao, wale waliomwita tapeli wameshika viuno. Tamaa ilimpanda mpaka akakosea nati akakaza kidole.

Kazi ilipokwisha, mzee akashika usukani. Upande wa pili wa barabara fundi wa kuchomelea alikuwa anakata vyuma kwa grenda, cheche zinaruka, hakuna anayemsikia mwenzake.

"Ingia, ufunge mlango!" mzee akapiga ukelele. "Ukibaki nje utapima nini?"

Ulimi akaingia, akafunga. Dunia ikakatika. Grenda ikawa kama nzi wa jirani. Mzee akawasha gari, wakazunguka mtaa taratibu, na ndani kulikuwa kimya kiasi kwamba Ulimi alilisikia tumbo lake likiulizia chakula. Alitaka kulia. Hakuwahi kufikiri kwamba kile alichokuwa anawauzia watu kipo kweli.

Waliporudi, akapiga moyo konde.

"Mzee wangu, nitakuambia ukweli kwa sababu umefanana na baba yangu. Gari hili sasa ni hatari kwako. Husikii honi, husikii lori, husikii mtu anayepiga kelele. Kwa umri wako utamfanya mama mjane."

Mzee akashika kifua. "Mungu wangu! Sasa nifanyeje?"

"Wewe ni mtu mzima, unahitaji gari la heshima. Gari linalobeba mzigo, linalosikika likija." Akageuka, kana kwamba macho yameenda yenyewe, akaitazama pikapu ya shangazi. "Sijui hata kama nitaweza kuachana nayo..."

Mzee alikataa kubadilishana. Alisema ni kumbukumbu ya marehemu. Ulimi akamvisha kilemba cha ukoka, akamwita chuma cha pua, kichwa cha ukoo. Mzee akakataa tena, safari hii akiwa ameshanyoosha mkono. Akalia kidogo, akaupapasa usukani, akamwomba marehemu radhi. Kisha funguo zikabadilishana mikono, na mzee akaruka ndani ya pikapu kwa wepesi ambao miguu ya asubuhi haikuwa nao. Alipokata kona hakutazama nyuma.

"Ameingia mkenge!" Ulimi akacheka peke yake. Shangazi akiliona gari lenyewe, alijiambia, atasahau kama aliwahi kumiliki pikapu. Akafunga mlango, akawasha, akaenda kumfuata sokoni.

Hiyo ndiyo safari iliyosimuliwa mitaani muda mrefu. Mama mmoja mwenye ndoo alipomwona aliziba masikio. Ulimi akaelewa kwamba amezidiwa na uzuri, akampungia. Vijana kwenye kibanda cha viatu walisimama wote, vinywa wazi, wakinyoosha vidole chini ya gari. Akawapungia nao. Trafiki akapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba, akainua mikono yote miwili, na Ulimi, ambaye hakuwahi kupokelewa hivyo na serikali, akampigia saluti. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu. Akaipenda, ilifanana na rangi ya gari. Usukani ukaanza kutetemeka, naye akajua sasa mbio zimekolea.

Shangazi alikuwa nje ya duka la vitambaa na robota kichwani. Ulimi akasimama mbele yake, akaacha injini inawaka kwa maringo, akafungua mlango.

Kelele zikamrukia. Gwaga-gwaga-gwaga, kama sufuria za harusi nzima zinaporomoka ngazi. Nyuma, mstari mweusi wa mafuta ulikuwa umefuata njia yote aliyopita. Gari likatoa mlio mmoja mkubwa, likapiga chafya ya moshi, likafa.

"Hiyo injini imenoki, imeharibika zamani," fundi mmoja wa pikipiki akasema akipita. "Nilikusikia tangu kule darajani. Wewe hukusikia?"

Ulimi alikuwa amesimama na mkono mlangoni, anaukumbuka ule ukuta wa mbele na mkeka juu ya mkeka, kila mmoja ameukandamiza mwenyewe, kwa chupa, kwa uaminifu. Maisha yake yote amewaibia watu kwa kazi ya uongo, na kumbe kazi ya kweli ndiyo iliyokuwa inamsubiri.

Shangazi akashusha robota. "Pikapu yangu iko wapi?"

"Shangazi, kaa kwanza. Umechoka, jua kali."

Shangazi alikuwa amechoka kweli. Akaingia ndani ya gari jekundu, akaketi, akavuta mlango ukafunga: dup.

Ulimi akainama dirishani, akaanza. Akaeleza kwamba hii haikuwa hasara, ilikuwa uwekezaji. Akasema kiti kile ni ngozi halisi. Akamsifu shangazi kwa roho yake ya kimama, akamtaja marehemu baba, akaapa, akatoa machozi mawili mazuri, moja kila jicho. Hakuwahi kusema vizuri namna ile. Waliosimama karibu walianza kumhurumia.

Ndani, shangazi aliegemeza kichwa, akafumba macho. Tangu amchukue mtoto huyu hakuwahi kupata utulivu wa aina hii. Alipoyafumbua aliuona mdomo unapanda na kushuka nyuma ya kioo, hautoi chochote. Akautazama kwa muda. Kisha akafungua mlango kidogo.

"Bado unaongea?"

"Shangazi, nilikuwa nasema kwamba..."

"Hosteli wanasubiri magodoro. Kuanzia leo pikapu ni wewe."

Dup.

Ulimi akabaki na neno lake mdomoni. Alipoona limekosa mteja akalimeza, akageuka, akaenda kubeba godoro la kwanza.