Mkato wa Sijaona

Jumatatu, 1 Julai 2024

Kishikwambi kipya kimefika kwa basi la Mwanza. Cha zamani kilizimika mwezi wa tano, hakikuwaka tena. Radhia, binti yangu, muuguzi huko Mwanza, alikichukua, akahamisha picha za marehemu mama yake, akaninunulia hiki. Ni cha jamii nyingine kabisa. Kitufe cha kurudi nyuma hakipo. Nimekitafuta saa nzima, miwani juu ya miwani. Kumbe hapa mtu hurudi nyuma kwa kupitisha kidole kutoka pembeni, kama anayepangusa makombo mezani.

Nimehamishwa mara tatu maishani. Ujiji kwenda Tabora nikiwa na miaka sita. Tabora kwenda Manyoni. Manyoni kuja hapa Issuna mwaka 1975, juu ya lori, nimekalia mizigo. Kila nilikofika nilikuta jiko liko upande usio wake. Hiki nacho ni kuhama.

Baya kuliko yote: mkato haupo. Kwenye kile cha zamani ulikaa kando ya kitufe cha nafasi, mtiifu, unangoja kidole. Hapa nukta ipo, mkato hakuna, ndiyo maana haya nayaandika daftarini. Nilitunza maktaba ya kijiji miaka kumi na tisa na kusahihisha barua za watu wasioniomba. Hili ni tusi.

Jirani yangu Abdulrazaki amechungulia, akauliza kama hilo ni sinia la pilau.

Jumanne, 2 Julai

Nilitaka picha moja tu. Sijaona anapepeta mtama, uso ameugeuza, ungo uko juu. Ndiye mke wangu, miaka arobaini na sita ya ndoa. Mwezi ujao anatimiza miaka miwili kaburini.

Kishikwambi kimezipanga picha kinavyojua chenyewe. Nimekuta picha za mbuzi, mia moja na tatu. Yeye sikumpata. Nikamwandikia Radhia ili anielekeze: "Nimemtafuta asubuhi yote. Sijaona mama yako nimemkosa. Nitaendelea baada ya kula."

Radhia hakunipigia mimi. Alimpigia Abdulrazaki. Akaja, akaketi, akaniuliza taratibu leo ni siku gani. Kisha nina watoto wangapi. Kisha mke wangu yuko wapi. Nikamjibu kwamba yuko pale tulipomzika, na yeye Abdulrazaki ndiye aliyeshika jeneza upande wa miguu, tena alijikwaa. Akasema hayo yote ni kweli, sasa kwa nini nimeshinda asubuhi nikimtafuta?

Ndipo nikaelewa. Sijaona, mkato, mama yako, mkato. Ndivyo nilivyokusudia. Ningetaka kusema sikumpata ningeandika sijamwona. Mama ni mtu, na mtu hudai kiambishi chake. Nilimfundisha Radhia jambo hili akiwa darasa la nne. Lakini Issuna nzima husema "sijaona mama", na Radhia amekulia Issuna.

Alhamisi, 4 Julai

Hukumu imetoka. Radhia na kaka yake Abdulmajidi wamekubaliana. Mwisho wa mwezi nahamia Mwanza. Chumba kiko tayari. Dirisha limewekwa nondo, baba asije akatoka akapotea.

Kuhama kwa nne, basi, na safari hii mizigo ni mimi mwenyewe. Nani atakwenda kwa Sijaona kila Ijumaa? Abdulrazaki? Atajikwaa tena.

Nikabuni mpango. Nitawaonyesha kwamba akili iko mahali pake. Kishikwambi hiki kina alama ya kipaza sauti: mtu anasema, chenyewe kinaandika. Barua ya maneno yangu, nzima, yenye mikato yote. Nikafunga mlango. Nikasema polepole, sauti ya kuhutubia, kila kituo nikikitaja kwa jina lake. Nikatuma kabla ya kusoma, maana nilikuwa na hakika.

Baadaye nikasoma. "Radhia mkate mwanangu mkate mimi ni mzima mkate Sijaona mkate mama yako mkate nampenda mpaka leo."

Jumamosi, 6 Julai

Abdulrazaki amekuja na mikate minne. Ameagizwa kutoka Mwanza. Ameiweka mezani kwa heshima ya msibani.

Akasema, "Mzee mwenzangu, kama ni njaa si ungepiga hodi tu? Mpaka umsumbue mtoto?"

Nikamweleza habari ya mkato. Alisikiliza kwa makini. Akasema yeye hajatumia mkato tangu alipomaliza shule na hakuna mtoto wake aliyewahi kutaka kumfungia nondo. Kisha akakata mkate, akala nusu, kwa chai yangu.

Nikammiminia kikombe cha pili.

Jumapili, 7 Julai

Mpango wa pili. Kalamu na karatasi, silaha za kale. Barua ya ukurasa mmoja, mikato kumi na mmoja, kila mmoja na mkia wake. Nitaipiga picha na kutuma. Hapo watasema nini?

Upepo wa Julai ukainyanyua karatasi wakati kidole kiko njiani. Iliyokwenda Mwanza ni picha ya mguu wangu ndani ya soksi, na kipande cha mkeka.

Radhia ameuliza kama mguu umevimba tangu lini.

Jumanne, 9 Julai

Leo Radhia alitaka tuonane uso kwa uso kwenye kioo. Niliona ndiyo nafasi ya mwisho. Nimenyoa. Nimevaa kanzu. Kamusi nimeiweka mapajani, imefunguliwa, kana kwamba nimekatizwa nikisoma.

Mambo yalikwenda vizuri. Nimetaja tarehe bila kuulizwa. Nimetaja wilaya zote za mkoa, Manyoni mpaka Mkalama. Nimemuuliza habari za wodini. Alicheka mara mbili. Tukaagana, nikapitisha kidole kutoka pembeni, uso wake ukaondoka. Nikajua nimeshinda.

Ndipo kishikwambi, bila kuombwa, kikaniletea picha. Ungo uko juu. Uso ameugeuza. Chini yake kimeandika: "Huyu ni nani?" Na kisanduku cha kujibu.

Nikaandika: Sijaona.

Nikakaa nikitazama. Huyu ni nani? Sijaona. Miaka arobaini na sita nimeliita jina hilo jikoni, shambani, sokoni, na leo kwa mara ya kwanza nimelisoma kama sentensi. Aliwahi kuniambia mama yake alizika watatu kabla yake, na alipozaliwa yeye, bibi yake alisema, "Jambo kama hili la mtoto kuishi, mimi sijaona." Nilikuwa namcheka kwa jina hilo. Yeye ndiye aliyeona. Aliona chumvi imekwisha kabla haijaisha. Aliona mvua. Aliona ugonjwa wake mwenyewe, akaniambia nisiwapigie watoto mpaka alizeti iwe imevunwa.

Nikamwambia. Ndiyo, nilisema kwa sauti. Nikamwambia kwamba wanataka kunihamisha, mama Radhia, na mimi sijakataa kwa sababu sijui nikatae vipi, kila nikiandika maneno yanageuka. Nikamwambia kwamba Tabora sikuulizwa, Manyoni sikuulizwa, na hapa sikuulizwa vilevile, lakini hapa nilikukuta wewe.

Sauti ndogo ikasema, "Baba."

Radhia alikuwa bado yupo. Hakuondoka. Alikuwa amesogezwa pembeni chini, mdogo kama stempu. Analia.

Akauliza kama ile Sijaona ya ujumbe wa kwanza ilikuwa jina la mama. Nikasema ndiyo, ni mkato tu. Akasema, "Sasa baba, si ungeandika 'mama' tu basi?" Nikamwambia mama ni wako. Mimi nilimwoa Sijaona.

Kisha akasema siendi Mwanza. Atamwambia Abdulmajidi mwenyewe, na zile nondo watafunga kwenye banda la kuku. Sharti ni moja tu: niandike kila siku, nieleweke. Akanielekeza. Mkato upo. Unabonyeza nukta, hutoi kidole, unangoja kidogo, nao unatokea juu yake.

Siku nane. Ulikuwa chini ya nukta.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi ya baridi, anga safi. Nimeoga. Nimevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa. Msikitini kwanza, kisha makaburini, nimsomee Yasini kama kawaida. Kishikwambi nakiacha nyumbani, huko hakina kazi. Lakini ahadi ni ahadi, nimeandika kabla ya kutoka:

"Radhia, mwanangu, leo nakwenda kwa mama yako, nimekwisha oga, nimevaa nguo nyeupe, usinipigie, sitapokea, mwambie na Abdulmajidi, niko radhi na nyote."

Mikato minane. Nimeihesabu mara mbili, na hakuna mmoja ulio pasipo pake. Katika miaka yote ya maktaba sikuwahi kupokea barua yenye vituo safi namna hii. Nimetuma.

Naandika haya nimesimama, kofia kichwani. Kishikwambi kinaita. Ni yeye. Mtoto ana haraka ya kusifu. Mwache kwanza aisome vizuri.

Kinaita tena. Kupitia dirishani namwona Abdulrazaki anakatiza shamba la alizeti, mbio, kiatu mguu mmoja, simu sikioni. Mikate ilikwisha tangu juzi. Itabidi nimwambie.