Kamati ya Kuteua Akili ya Kuchorea Mabango

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Dolno Kremene, walio hai na wengineo, kwamba Manispaa imeunda Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuteua Akili Mnemba ya Usanifu wa Mabango. Wananchi wanaombwa wasiwe na wasiwasi.

Hadi siku ile hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Tangazo lilitungwa na Bwana Spas Drenkov, Mkuu wa Idara ya Sura ya Mji, ambaye alijipendekeza kuwa mwenyekiti na akajiunga mkono kwa kauli moja. Idara ilikuwa na watu wawili: Spas, aliyekuwa na muhuri, na Dafina Kurteva, aliyekuwa na kazi.

Agizo la Meya Rusko Pelinov lilikuwa wazi. Ndani ya mwezi mmoja iteuliwe mashine moja ya kuchora mabango, na mtumishi ambaye mashine inaifanya kazi yake ashukuriwe na aende zake. Spas alilisoma mara tatu, na mara zote tatu akamhurumia Dafina. Kujihurumia mwenyewe hakukumpitikia. Mashine gani ingeweza kushika muhuri?

Si kwamba hakujijua. Miaka ishirini na miwili hakuwa amechora mstari wowote usiokuwa saini. "Mimi ni msanii wa saini," alizoea kusema nyumbani, na mkewe alizoea kutocheka.

Kamati ikapima mashine tatu kwa vigezo arobaini na kimoja. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu iliuliza maswali, na chombo kinachomwuliza mkuu "una maana gani?" hakina adabu. Ya pili ilileta michoro minne kwa kila ombi, na Manispaa haina kifungu kinachoruhusu kuchagua. Ya tatu ilipokea kila amri na kujibu, "Wazo zuri sana." Ikapata alama arobaini. Moja ilikatwa kwa kukosa muhuri.

Ikabaki kuifundisha.

"Bosi, niilishe nini?" Dafina akauliza.

"Kazi zetu bora. Zile ambazo watu husimama kuzisoma."

"Nani anasimama kusoma mabango yetu? Watu husimama kusoma matangazo ya vifo tu."

Na kweli. Kwetu mtu akifa hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo na kituo cha basi, picha yake ndani ya fremu nyeusi. Siku arobaini zikitimia anabandikwa tena, na mwaka ukipita tena. Hakuna anayenunua mkate asubuhi kabla hajajua nani katangulia. Na yote huchapwa na Idara.

"Basi ilishe hayo," Spas akasema. "Takwimu ni takwimu."

"Bosi, hayo ni ya maiti!"

"Dada Dafina, usiibague kazi ya Idara." Akatia saini, akagonga muhuri.

Kazi ya kwanza ilikuwa bango la Meya kutimiza miaka sitini. Mwenyewe alikuwa ameenda kwenye mabwawa ya maji moto, kupumzisha mgongo. Baada ya dakika mbili bango likatoka: Meya Pelinov katika suti, fremu nyeusi, kijitawi pembeni, na maneno haya: *Miaka sitini ulikuwa nasi. Hatutakusahau.*

"Lina heshima," Spas akasema. Moyoni kitu kilimchoma, kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha jiko linawaka. Lakini alama zilikuwa zimeshatolewa.

"Bosi, huyu umemuua."

"Unasema hivyo kwa sababu mashine inakuchukulia kazi."

Ilimuuma Dafina, na Spas akaona imemuuma, akajitia kuupangusa muhuri. Mzee Yordan wa kubandika alipewa nakala mia mbili naye hakuuliza. Fremu nyeusi huenda kwenye nguzo na milango, na huko ndiko zilikoenda.

Asubuhi watu wakavua kofia. Ilipofika saa nne ukumbi wa Manispaa ulijaa maua, yote kwa idadi shufwa, kama apelekewavyo marehemu, maana aliye hai hupewa witiri. Bibi Stoyna alileta bakuli la ngano ya matanga, iliyochemshwa na sukari. Naibu Meya, kwa uchungu mkubwa, alikuwa ameshakikalia kiti cha Meya, kukipasha moto tu.

"Jamani, tuseme neno juu ya marehemu," mtu akaomba.

Watu wakatazama viatu vyao.

"Alikuwa na afya njema," Bibi Stoyna akasema hatimaye.

Hapo akaingia Meya, mwekundu kwa maji moto.

"Ala! Umerudi?" Bibi Stoyna akamkazia macho. "Na mimi ngano nimeshachemsha!"

"Nani kafa?"

"Si wewe, mwanangu? Umebandikwa mji mzima."

Meya akasoma bango. Akamtazama naibu wake kitini, akautazama umati. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna aliyelia?"

Spas akafunua kumbukumbu za kikao. "Mheshimiwa, hilo halikuwa kwenye ajenda."

Meya akawaka. Mashine haikufukuzika, mkataba wake ulikuwa wa miaka mitano. Basi agizo litekelezwe leo leo: ambaye kazi yake inafanywa na mashine hii, atoke! Spas akampa Dafina fomu, aorodheshe kazi za mashine. Dafina akaandika kwa mwandiko wake mzuri:

*Inapokea amri bila kuuliza. Inamwambia mkubwa kwamba wazo lake ni zuri sana. Inarudia yaliyofanywa miaka ishirini na miwili. Haioni ilichokifanya hata ikikitazama.*

Spas alisoma, akajiona mwenyewe, masikio yakamwaka. Akatafuta mstari wa kazi za Dafina: kuonya, au kumtofautisha aliye hai na maiti. Haukuwapo. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza.

"Na muhuri je? Mashine haina muhuri!"

"Muhuri niachie mimi, bosi."

Spas akatia saini, akaugonga kwa mara ya mwisho, akaukabidhi.

Meya aliamuru mabango yaondolewe, lakini kwetu tangazo la kifo halichanwi na mkono wa mtu; mvua ndiyo huliondoa, na mwaka ule kulikuwa na ukame. Hadi Septemba alikuwa akijipita kwenye kila nguzo, na watu wakimpa pole.

Ijumaa Spas alikuta bango mlangoni pa Idara, limechorwa kwa mkono: uso wake, masikio makubwa vilevile, na maneno *Spas Drenkov anastaafu. Yu hai.* Akakagua pembe zote nne. Fremu haikuwapo. Mezani kulikuwa na maua matatu.

"Kuna aliyelia?" akauliza kwa utani.

"Mimi," Dafina akasema. "Siku ile uliponiambia mashine inanichukulia kazi."

Spas akapapasa mezani, akitafuta kumbukumbu za kikao. Alikuwa ameshazikabidhi pamoja na muhuri.