Moshi Usionwe na Mama Mkwe

Jumatano, 7 Agosti 1996. Majimbo, Embu.

Kathambi bado yuko kwao Nkubu. Alimchukua mtoto wetu Karimi, akachukua na mwiko. Alisema amechoka kupika akilia, kifua kimemjaa masizi, na harudi mpaka jikoni mwangu mtu aweze kuivisha githeri, mahindi na maharagwe tu, bila kukohoa. Leo amepiga simu dukani kwa Mwiti. Anakuja Jumamosi na mama yake kuona. Moshi ukiwa ni ule ule, atachukua nguo zake zilizobaki na hatarudi tena.

Sawa. Mimi si mtu wa kushindwa na moshi.

Nimejenga jiko jipya la matofali na udongo, alasiri moja tu. Mdomo nimeuacha mpana, kuni ziingie nzima nzima. Kupasua kuni ni kazi ya watu wenye wasiwasi. Bomba la moshi nimelipata kwa kung'oa mfereji wa mabati wa nyumba. Sasa mvua inamwagika mlangoni, lakini maji ya mvua hayajawahi kumfukuza mke wa mtu.

Jirani yangu Njura ana jiko lenye bomba, na hawezi kukusalimia bila kulitaja. Ameegemea ua, akasema bomba langu ni fupi, lazima lipite kilele cha paa. Nimemshukuru. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 8 Agosti.

Kuni zimepatikana. Mti wa mukima uliokatwa juzi, bado unatoka maji. Njura ameuliza kama nataka kuuwasha au kuupanda. Ati kuni zipasuliwe nyembamba, zikae juani miezi. Jua gani, Agosti hii ya Embu? Manyunyu tangu asubuhi!

Nimejaza jiko pomoni. Moto ukakataa. Nimemwagia mafuta ya taa. Moto ukakubali.

Nyusi zimekwenda, pamoja na ndevu za upande wa kushoto. Nyusi hazina kazi yoyote. Ndevu za kulia nimezinyoa ili mambo yalingane.

Ijumaa, 9 Agosti.

Maendeleo makubwa. Moshi sasa unatoka nusu bombani, nusu mlangoni. Nimekaa, nikafikiri kwa kina, nikapata jibu.

Mama mkwe ni mtu wa mila. Haingii jikoni mwa mkwe wake, wala hakai nami chini ya paa moja. Heshima ya ukwe ndiyo hiyo, kwao Meru na kwetu Embu. Ataketi nje kwenye kiti, uso ameugeuza kando. Basi ataona nini? Paa na bomba. Moshi usipoonekana, jiko halina moshi. Mimi nitakuwa ndani na githeri, mlango umefungwa. Kathambi nitamwambia akae na mama yake, leo mwanamume anapika. Njura hawezi kuwaza hivi hata akipewa mwaka mzima.

Nyumba ni kimya. Nimekula mkate na chai baridi. Nimemkumbuka mke wangu, nikazikunja zile nguo zake, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Jumamosi, 10 Agosti.

Naandika nikiwa kitandani. Kathambi amenikataza kuinuka.

Asubuhi nilipanda paani, nikaziba bomba kwa gunia bichi. Dirisha pia nikalifunga. Wageni walipofika, Karimi akiwa mgongoni mwa mama yake, nilimsalimu mama mkwe kwa mbali, kila mmoja akiangalia upande wake kama inavyopasa. Nikajifungia jikoni, nikawasha moto.

Nilimsikia akimwambia binti yake kwamba kweli hakuna hata uzi wa moshi, huenda mwanamume huyu amebadilika. Nikafurahi sana. Nikataka kucheka, hewa ikawa hakuna. Nakumbuka mahindi yakianza kutokota. Nakumbuka nikitafuta komeo upande wa ukuta ambako mlango haujawahi kuwa. Baada ya hapo sikumbuki.

Wanasema aliyevunja mlango ni mama mkwe. Kwa bega. Mila aliiacha pale kitini, akaingia, akanishika miguu, akaniburuta hadi nyasini, huku Kathambi akiniita kwa jina langu la ubatizo. Mama mkwe kunishika miguu! Sijui mbuzi wangapi watatosha kufuta aibu hiyo. Njura naye alipanda kutoa gunia, na akaliinua juu Majimbo yote ilione.

Jumapili, 11 Agosti.

Ushindi! Mama mkwe amerudi Nkubu peke yake. Nguo hazikuguswa.

Kathambi ameupunguza mdomo wa jiko kwa udongo. Njura ameongeza bomba likapita kilele, akaleta na kuni kavu, bila hata kunisimanga, jambo ambalo limeniudhi zaidi. Vijiti vichache vyembamba, dirisha wazi. Githeri ikaiva. Hakuna aliyekohoa.

Kathambi amesema atakaa. Mtu anayeweza kujiua kwa kupika githeri hafai kuachwa peke yake, amesema, na jiko hilo nisiliguse tena maisha yangu yote. Mimi nimeshika lile la kwanza: atakaa. Mpango wangu umefaulu.

Ila kuna kasoro moja. Jioni, moto ukiwa umeshazimwa, nimezinduka usingizini nikamkuta ameketi kando yangu. Mkono ameuweka kifuani mwangu, anasikiliza ninavyopumua, machozi yanamtiririka. Nimemwuliza kuna nini. Amesema si kitu, nilale.

Si kitu? Machozi yakiwa bado yapo, basi jiko lile linavuja mahali. Kesho akienda sokoni nitapanda paani na nyundo.