Banda ni la Injini, Si la Kuku

Jumatatu, tarehe 3

Vita imetangazwa! Dada yangu mkubwa anataka banda langu. Lile la uani, lenye meza niliyoipigilia mwenyewe, jiriwa ya kubania vyuma, tupa zangu zote na harufu tamu ya grisi. Anataka kufugia kuku! Amemwambia Mama kwamba kuku wanataga, je, huyu kaka mtu anataga nini? Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Sikupenda.

Nikatetea haki yangu. Nikasema humo ndani inazaliwa injini ya mvuke, ndogo, ya kukaa mezani, lakini injini kamili, yenye pistoni na gurudumu. Dada akasema mimba hiyo tumeisikia tangu mwaka jana, labda ni ya tembo.

Mama akakata shauri. Jumapili mchana, mbele ya watu, injini izunguke yenyewe bila kuguswa na mkono. Ikizunguka mpaka yeye amalize kikombe kimoja cha chai, banda ni langu, hakuna mjadala. Ikigoma, kuku wanahamia siku hiyo hiyo.

Kikombe cha chai! Mama anakunywa chai kama anaisomea hukumu. Lakini naogopa nini? Shule na mimi tuliachana mapema, kweli. Mikono yangu ndiyo yenye digrii.

Jumanne, tarehe 4

Siku ya dhahabu! Nimepata silinda. Fundi pikipiki wa pale kona alikuwa anatupa shokapu iliyopinda. Nimekata kipande kilichonyooka kwa msumeno wa chuma. Ndani kinang'aa kama kioo. Nikachungulia, nikamwona kijana mzuri upande wa pili.

Ikabaki pistoni. Hiyo inataka alumini. Nikazunguka nyumba nzima kutafuta alumini isiyo na kazi. Jikoni kulikuwa na mfuniko ambao sufuria yake ilitoboka zamani. Mfuniko mjane. Nikauhurumia. Nikauyeyusha ndani ya kopo zito la chuma juu ya mkaa, nikipuliza moto kwa kile kimashine cha Dada cha kukaushia nywele. Moto ulinguruma! Nikamimina kwenye tundu la mchanga, ikatua kama maziwa ya fedha. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Jioni Mama akauliza mfuniko uko wapi. Kumbe haukuwa mjane, ulishaolewa na sufuria nyingine. Dada naye akauliza kwa nini nywele zake leo zinanuka mkaa. Nyumba hii ina maswali kuliko kituo cha polisi.

Jumatano, tarehe 5

Nimeibana keekee ya umeme, ile ya kutobolea, kwenye jiriwa, nikaishikisha pistoni mdomoni. Yenyewe inazunguka, mimi nashika tupa, halafu msasa. Wenzangu wana mashine za kukereza. Mimi nina akili.

Nikajaribu kuiingiza kwenye silinda. Ikakataa. Msasa. Ikakataa. Msasa tena kidogo, na mate. Ikaingia! Taratibu, fsss, kama bosi anayekaa kwenye sofa. Nikaziba tundu la chini kwa kidole, pistoni ikagoma kushuka. Hewa haina pa kupita! Hata unywele haupiti. Nimejaribu, na ulikuwa unywele wangu mwenyewe, kwa hiyo sikumpendelea mtu.

Nikaenda kumtambia Miwani. Huyu ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, anatengeneza injini yake stoo kwao, ila yeye anafuata vitabu. Kila kitu anakipima, akimaliza anakipima kipimo chenyewe. Nikaiona pistoni yake. Jamani! Imelegea! Ukiitikisa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikamuuliza kama anatengeneza injini au kayamba.

Hakukasirika, ndicho kinachoniudhi kwake. Akasema ameacha nafasi makusudi, unene wa karatasi, kwa sababu alumini ikipata moto inavimba, tena inavimba kuliko chuma. Akaniambia, ndugu yangu, hiyo yako ipunguze kidogo, la sivyo mvuke ukiingia itakwama.

Nipunguze! Nimwage jasho siku nzima kuikaza, halafu nipunguze! Huo ni wivu uliovaa miwani. Nikamwambia alumini si unga wa hamira, nikaondoka kwa mwendo wa mshindi.

Alhamisi, tarehe 6

IMEZUNGUKA! Nimefunga gurudumu zito la cherehani bovu, nikasimamisha silinda kwenye msumari wake. Silinda yenyewe inatikisika kushoto na kulia, na kila ikitikisika inafungua tundu la mvuke na kulifunga. Nikachomeka pampu ya baiskeli badala ya mvuke, nikasukuma. Gurudumu likaenda! Kimya kabisa, kama paka juu ya godoro. Nikapiga ukelele, Mama akatoka mbio na mwiko akidhani ni nyoka.

Akaitazama. Akasema ni nzuri, mwanangu, kweli ni nzuri. Nikavimba kichwa. Halafu akasema lakini anayeizungusha ni wewe na pampu yako, mimi nataka izunguke peke yake. Dada akaongeza kwamba injini inayohitaji mwanamume mzima wa kuipulizia ni mzigo, siyo injini.

Wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta: kacha-kacha-kacha-kacha! Injini ya Miwani, kwa mvuke. Dada akapanda ndoo kuchungulia. Akasema inazunguka vizuri tu, na baba yake Miwani amesoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo bado inakwenda. Nikasema hata kopo la misumari likiviringishwa linakwenda. Kelele zile! Nilimwonea huruma.

Ijumaa, tarehe 7

Nahitaji mvuke. Nani ana mvuke hapa nyumbani? Sufuria ya presha ya Mama! Lakini kuiomba ni kukaribisha hotuba. Basi nikatumia ulimi. Nikamwambia mpira wa mfuniko umechakaa, ni hatari, niachie nikukarabatie. Mama akanishika bega, akasema mwanangu umekua, sasa unaona kazi bila kuonyeshwa. Moyo uliniuma. Kidogo. Ukapona.

Nimechomeka mpira mgumu wa bomba pale unapotokea mvuke. Kizibo cha usalama sijakigusa, mimi ni jasiri, si mwehu. Imebaki kuijaribu kwa mvuke wenyewe, na Miwani akapaza sauti ukutani kwamba niijaribu leo, nisisubiri mbele za watu. Nikamjibu kwamba bwana harusi hafanyi mazoezi ya kuoa.

Mama ameulizia sufuria mara kadhaa. Nimemwambia spea bado.

Jumamosi, tarehe 8

Matangazo! Nimemwalika fundi pikipiki, mwenye duka, Shangazi, na kila aliyekosea akapita getini. Injini nimeipaka rangi ya kucha ya Dada, nyekundu. Inapendeza kuliko kwenye kucha.

Dada naye hajalala. Kaleta kuku wake kwenye tenga, kaliweka uani, mbele ya banda, makusudi nilione. Kaingia ndani na chaki, kachora ukutani mahali atakapolala jogoo. Juu ya jiriwa yangu! Nikamwuliza kwa nini pale hasa. Akasema jogoo anapenda mandhari.

Alipotoka nilibaki humo peke yangu. Kule ndani ya nyumba kila mtu ananiambia sogea, toa, futa, acha. Banda hili haliniambii kitu. Nikiharibu, chuma ndicho kinachojua, nacho hakisemi kwa mtu.

Basi, yatosha. Kesho wananitambua!

Jumapili, tarehe 9

Walikuja wote. Mama kwenye kiti, kikombe mkononi. Jiko likawaka chini ya sufuria ya presha. Mama akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema tutaongea. Nikaanza hotuba ya ufunguzi, mwenye duka akaniomba nifupishe kwani kaacha duka na mtoto.

Mvuke ukaja. Nikafungua njia. Gurudumu likazunguka! Lenyewe! Mikono yangu nikaiinua juu watu waione. Fundi pikipiki akapiga mluzi, Shangazi akasema huyu mtoto tulimdharau. Mama akainua kikombe, akapuliza chai.

Gurudumu likapunguza mwendo. Nikadhani linapumzika. Likatoa sauti kama mzee anayeinuka kitini. Likasimama.

Mama alikuwa hajapiga hata funda.

Nikalisukuma kwa kidole. Haliendi. Nikalipiga ngumi. Haliendi! Pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda kama imeshonewa humo. Mvuke ukakosa pa kwenda, mpira ukachomoka, ukaanza kucheza uani kama nyoka mwenye kichaa. Watu juu ya ukuta! Shangazi juu ya mwenye duka! Mpira ukalipiga tenga la kuku, tenga likapinduka, kuku wote wakatoka mbio na kukimbilia mlango uliokuwa wazi.

Mlango wa banda langu. Wameingia wenyewe. Jogoo kaenda moja kwa moja juu ya jiriwa.

Dada aliingia, akatoka, akafunga mlango na kusimama mbele yake kama askari wa benki. Mama akanywa chai yake yote, polepole, halafu akaniambia, mwanangu, neno ni neno.

Wote walipoondoka Miwani akabaki. Akasema tusubiri ipoe. Ilipopoa akasukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka laini kabisa. Akaniangalia, anasubiri niseme kitu. Nikasema: umeona? Injini yangu haina kasoro! Sufuria ya Mama ndiyo mbovu.

Akavua miwani, akaifuta, akaenda kwao.

Jumatatu, tarehe 10

Nimelala na tupa zangu chini ya kitanda. Hakuna raha.

Lakini leo Dada kaja na lugha ya upole, maana kuna paka anazunguka. Akasema mdogo wangu, ule mlango wa banda una mianya, nitengenezee mlango wa chuma wa maana, nami nitakuachia meza na ile kona yako. Kona! Meza! Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Ubunifu haufungwi jela!

Alhamisi, tarehe 13

Nimemaliza! Mlango wa bati nene, fremu ya chuma. Nimeufunga alfajiri kukiwa na baridi, nikausugua kwa tupa mpaka ukaingia kwenye fremu bila pengo lolote. Paka hata akijikunja kama barua hapiti. Miwani aliona, akafungua mdomo, nikamwambia aufunge. Akaufunga.

Dada akaingia kukusanya mayai, akauvuta mlango nyuma yake. Ukaitika kof! Sauti ya kazi bora. Nikakaa kivulini kuufurahia huku jua likiupiga vizuri.

Saa sita Dada akaanza kugonga. Mwanzoni kwa adabu. Akaniita mdogo wangu. Halafu akaniita kwa jina. Halafu akaniita vitu ambavyo Mama, aliyekuwa anapita na nguo za kuanika, alimkataza. Mlango hauendi mbele wala nyuma. Nimeuvuta kwa kamba, nimeupiga teke, umesimama kama ukuta wa benki. Kuku ndani wanalalamika, Dada anawazidi.

Miwani akaruka ukuta na ndoo, akaumwagia mlango maji baridi, ukafunguka. Bahati tu! Dada akatoka na manyoya kichwani na yai lililovunjika mkononi, na lingine ambalo halikuvunjika alinivunjia mimi.

Kwa sasa naandika nikiwa juu ya paa. Dada yuko chini na ufagio. Anasema kona nimeipoteza, meza nimeipoteza, na nikishuka nitapoteza na meno. Hasira tu. Hawajawahi kuona mlango uliokaza namna ile, ndiyo maana wanababaika! Kutoka huku juu nauona mlango wa choo chetu cha uani. Aibu tupu, una mianya ya kupitisha kiatu, na Mama kila siku analalamikia upepo. Kesho alfajiri, kukiwa bado na baridi, nautengenezea mwenzake wa bati. Nitaukaza kuliko huu. Na kwa heshima, Mama ndiye atakayeingia wa kwanza.