Kitunga Mbele ya Motere

Kitendawili! Hanywi maji, upepo tu ndio unampoza. Ukimziba upepo anazimia kwa joto. Ukimwacha apumzike, anaamka na kukimbia. Nani huyo? Si mlevi, msicheke. Ni pikipiki.

Révérien wa Nyamianda alilijua jibu hilo vizuri, maana aliwahi kufagia garaji ya Mbelgiji mmoja. Walipomfukuza kwa wizi wa mafuta, elimu aliondoka nayo.

Ulikuwa mwaka wa maasi kule Kongo, uhuru wenyewe ungali mbichi. Révérien alikuwa amevuka kutoka Burundi asubuhi ile na mfuko wa chumvi, mali yake yote duniani. Chumvi ilikuwa imepotea sokoni, basi akaizunguka bariere, kile kizuizi cha wapiganaji njiani, kwa porini, asije akagawana nao. Alipotokea kwenye barabara ya Luvungi, miguu ikiwaka moto, akawaona wapiganaji wakisukuma pikipiki kuivusha kizuizi huku wakicheka.

"Peleka maiti yako, mama!"

Mwenye maiti alikuwa Léocadie, mjane aliyerithi pikipiki ya marehemu mume wake na kuipakia ndagala, wale samaki wadogo, mpaka watu wakachoka kumshangaa. Wapiganaji waliporudi kivulini, Révérien akasogea na sura ya mtu aliyekuja matanga.

Akagusa motere, injini yenyewe, akauondoa mkono haraka. Zile mbavu za chuma zinazopitisha upepo zilikuwa zimezibwa na udongo mkavu wa bonde la Ruzizi. Juu ya hapo, kitunga cha ndagala kilifungwa mbele kabisa, motere ikawa kama mtu aliyezibwa pua. Moyo wa Révérien ukacheza ngoma. Chombo kizima! Kinataka upepo tu!

"Pole, mama. Imekufa. Moyo ya motere imepasuka."

"Yesu! Na minye nitakula nini?"

"Vyuma vyake nitavitengenezea majembe. Nakupa chumvi hii, kwa huruma tu."

Léocadie akafuta machozi, akaonja chumvi, akafuta tena. "Kitunga yangu nachukua."

"Chukua. Lakini mama, kwa nini unakifunga mbele ya motere?"

"Wewe peleka maiti yako, baba. Siku ingine nitakuambia."

Akaificha chumvi chini ya ndagala, akajitwika, akashika njia. Révérien akakwangua udongo, akangoja chuma kipoe, akapiga teke moja. Pikipiki ikaunguruma kama padri aliyeamshwa. Akampita Léocadie kwa vumbi.

"Mama! Maiti inakusalimia!"

Alikimbia akiimba. Tayari alijiona tajiri wa Luvungi, abiria wakimpigania, miguu yake ikisahau udongo ni nini. Karibu na Nyakabere akaiona bariere nyingine, hata hakupunguza wimbo. Chumvi hana tena, aogope nini?

"Simama! Motere yako iko muzima?"

"Muzima kabisa!" akajibu kwa fahari. "Sikiliza sauti!"

Walisikiliza. Waliipenda sana. Mmoja akakaa juu yake, mwingine nyuma, wakamshukuru kwa niaba ya taifa, wakapotea kwenye vumbi lao wenyewe. Révérien alilia, akaapa, akataja watakatifu ambao hata padri hawajui. Akabaki ameketi chini.

Jua lilipoinama, Léocadie akafika polepole, kitunga kichwani. Wapiganaji waliobaki wakaziba pua kwa harufu ya ndagala, wakampungia mkono apite.

"Weye mama umeniibia!" Révérien akanong'ona.

"Minye? Si weye ulisema imekufa? Nilikuamini."

Akaanza kwenda zake. Révérien akamfuata akichechemea.

"Basi niambie tu. Ile kitunga mbele ya motere ilikuwa ya nini?"

Léocadie akasimama, akatengeneza mzigo wake vizuri.

"Ya kuizimisha mbele ya bariere, baba. Pikipiki yenye kufa hawachukuake. Inapoa, naendelea na safari. Lakini jana, kwa bariere hii, walileta fundi mwenye anajua kungoja ipoe. Afadhali chumvi."