Mrithi wa Ngome ya Madanle

Awil aliiona riziki yake imelala kilimani, mawe juu ya mawe, na hakuna aliyekuwa ameiwekea bei. Ilikuwa ngome ya kale nje ya Wajir, kuta zake zimepangwa bila hata tone la chokaa. Wazee walisema waliijenga Madanle, watu warefu mno waliochimba visima vya nchi ile kisha wakatoweka.

Vita vya mashifta, waasi waliopigana na serikali, vilikuwa vimewakusanya watu kijijini chini ya ulinzi wa askari. Mifugo ya Awil ilichukuliwa yote isipokuwa ngamia jike mmoja, aliyembebea nyumba yake ya mikeka na kumpa maziwa. Alibaki pia na ulimi wake, na huo hakuna aliyefikiria kuukamata.

Mteja alikuwa Kerrow, aliyewauzia askari nyama, mtu wa swala tano na tamaa sita. Awil akamnong'oneza kwamba chini ya ngome amelala mfalme wa Madanle na dhahabu yake. Kwa ngamia wawili wa maziwa angemwachia ngome nzima, mfalme akiwemo.

Kerrow alimeza mate, lakini hakuwa mjinga kabisa. "Hii ngome unauza kama nani?"

Kule, mtu asiyeweza kutaja babu zake hauzi hata mbuzi kilema. Awil akafumba macho, akataja baba, babu, na babu wa babu. Wa kweli walipomwishia akaendelea na wa kubuni, mpaka akatua kwa mfalme mwenyewe. Uongo ulikuwa mtamu, hata yeye alijihisi amerefuka kidogo.

Kerrow akataka ukoo huo utajwe mbele ya wazee, biashara iwe na mashahidi. Ngamia wawili wakaletwa, wakafungwa kando ya yule jike, na Awil akataja babu zake upya kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa.

Alipomaliza, akainuka Maka, mjane muuza maziwa.

"Awil mwanangu, hii mfalme ni babu yako kweli?"

"Wallahi, eedo, ni damu yangu," akajibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Alhamdulillahi. Babu yako aliua babu yangu kisimani. Dia yake hatujalipwa mpaka leo."

Wazee wakatikisa vichwa kwa uzito. Dia ya mwanamume ni ngamia mia, na hulipwa na ukoo wa muuaji. Ukoo wa Madanle ulikuwa mtu mmoja, naye ametoka kuapa.

Awil akapiga hesabu. Akikana, yeye ni tapeli, na Kerrow atamkabidhi kwa askari. Akikubali, hana kitu. Akakubali, na roho ikamuuma vibaya, si kwa wale wawili wa Kerrow bali kwa jike wake.

Maka akasema mia ni wengi kwa mtu mpweke, atatosheka na hao watatu waliopo. Wazee wakamsifu kwa huruma yake. Kerrow hata hakusubiri dua. Alikwisha kwenda kilimani na sururu, ambako alifukua mavi makavu ya mbuzi mpaka mikono ikachubuka.

Awil akamkimbilia Maka njiani. Akakiri kwa sauti ya chini kwamba babu wale aliwatunga, akamsihi amrudishie japo jike wake.

Maka hakusimama. "Najua, mwanangu. Wewe babu yako ulipata juzi. Mimi yangu nimepata leo asubuhi."