Tarikhi ya Kinyozi na Bamba la Mtaroni

Sogeeni, enyi mpitao na enyi mliokaa, enyi wenye nywele na enyi wenye vipara! Wekeni chini vikapu, zimeni redio, na anayepiga simu mwambieni apige baadaye, kwa maana habari niletayo ni nzito kama bamba la zege, na kusema kweli ni habari ya bamba la zege. Nitasimulia vita alivyopigana Kinyozi wa mtaa wetu, Jemadari wa Mkasi, Mfyeka Misitu ya Vichogo, aliyeingia ukumbi wa baraza la mji pasipo upanga wala ngao, akatoka na ushindi ambao mpaka leo hajui vizuri aliupataje. Mimi nisimuliaye ni mshona viatu wa kibanda cha pili. Nilikuwa ubavuni pake tangu mwanzo hadi mwisho, na anayebisha asiniletee tena viatu vyake.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Katikati ya mtaa wetu hupita mtaro wa maji machafu, na juu yake palikuwapo bamba la zege, ndilo daraja letu. Upande huu, nyuma tu ya kibanda cha kunyolea, hukaa mama mzazi wa Kinyozi. Upande wa pili hukaa shoga yake wa tangu usichana, tumwitaye Bibi wa Ng'ambo. Kila alasiri, tangu wengine wetu hatujaota meno, mama alivuka bamba lile akaenda kunywa chai kwa shoga yake, wakakaa magoti yakigusana, wakinong'ona mpaka jua kuchwa. Walichokuwa wakinong'ona hapana aliyekijua, ingawa wengi tulijitahidi.

Ndipo likaja lori la mchanga, likapanda juu ya bamba kama lililotumwa, na bamba likavunjika vipande vipande. Dereva alisema pole, akaondoka. Mtaro ukabaki wazi, mpana kuliko hatua ya mwanamke mwenye goti bovu. Kinyozi aliweka ubao. Mama akautazama, akamtazama na mwanawe.

"Mimi si kuku," alisema, akarudi ndani.

Kuzunguka hadi daraja la sokoni goti halikukubali, na Bibi wa Ng'ambo naye hutembea kwa mkongojo. Basi wale mashoga wakaweka viti ukingoni, kila mmoja kwake, wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele. Jamani, tulijua mengi! Tulijua mkwe gani mvivu na nani anakoroma. Lakini yako mambo ya moyoni ambayo mtu mzima hawezi kuyapigia kelele mbele ya duka la nyama, na hayo yakakosa njia. Mama akaanza kuingia ndani mapema, kila siku mapema zaidi, na chai yake ikawa inapoa mezani.

Kinyozi hakukaa kitako. Alikwenda Ofisi ya Barabara, nako akaambiwa kwamba bamba linafunika maji, kwa hiyo ni la Ofisi ya Mitaro. Akapanda ghorofa hadi Ofisi ya Mitaro, nako akaambiwa kwamba bamba linakanyagwa na miguu, kwa hiyo ni la Ofisi ya Barabara. Alipanda na kushuka ngazi zile hata mlinzi wa mlangoni akadhani ameajiriwa, akawa anamsalimia, "Habari za kazi?"

Hata siku moja nikiwa nimekaa kitini kwake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado kichaka, gari la matangazo likapita likipaza sauti: baraza la mji linafungua darasa la wakazi, wafundishwe jinsi mji wao unavyoendeshwa, na kila mwenye nia aje ajiandikishe, hakuna kiingilio. Kinyozi aliposikia, macho yalimwaka. Akainua mashine yake ya kunyolea juu kama jemadari ainuavyo upanga, akanena:

"Shuhudieni, enyi wateja, na wewe kioo shuhudia! Nitaingia ngome yao kwa mlango wao! Nitajifunza njia zao za siri, nitajua nani anamtuma nani, na siku nitakayosimama kunena, kuta zitatikisika na bamba la mama litarudi mahali pake!"

"Malizia kwanza kichwa cha mwenzio," mama alisema kutoka ndani.

Hakumalizia. Nilikwenda kujiandikisha naye vilevile nilivyokuwa, na karani alinitazama kwa huruma.

Basi tukaingia darasani, nasi tulikuwa jeshi la ajabu: mshona viatu, muuguzi mstaafu, mwalimu wa chekechea, fundi bomba, na yule Mchinja Nyama mwenye duka ng'ambo ya mtaro, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuamsha waliozikwa. Kila juma tulitembezwa katika himaya moja ya mji. Tuliona mitambo ya maji ikinguruma, tukaona magari ya taka yakioshwa, tukajua kwamba taa ya barabarani huwashwa na mtu na kwamba mtu huyo yuko likizoni. Mwongozaji wetu alikuwa Katibu wa Baraza, mwanamke mwembamba mwenye miwani, Mlinzi wa Utaratibu, ambaye hata kukohoa alikohoa kwa zamu. Siku ya kwanza alitupeleka ukumbini, akatuonyesha vipaza sauti vilivyopangwa mezani, kila kimoja na kitufe chake na kitaa chake chekundu.

"Sikilizeni, ndugu zangu, hii ndiyo sheria mama," alisema. "Bonyeza, taa iwake, ndipo useme. Taa ikiwaka, neno lako ni la mji, linaingia kwenye kumbukumbu. Isipowaka, hata ukilia, hujasema kitu."

Akatuambia pia desturi ya darasa lile. Siku ya kuhitimu tungekaa katika viti vya madiwani, Mwenyekiti wa Baraza mwenyewe akiongoza, na hoja moja tutakayoipitisha ingekuwa amri ya kweli kwa ofisi za mji. Hoja moja tu. Kinyozi alinikanyaga mguu kwa furaha.

Lakini sikilizeni siri ya shujaa wangu, nami naisema kwa mapenzi. Kibandani mwake Kinyozi huuzulu mawaziri asubuhi na kuwateua wengine kabla ya adhuhuri. Ukumbini, mbele ya kipaza sauti, ulimi wake uligeuka jiwe. Darasa lilianza na likakaribia kwisha, hakuuliza hata choo kiko wapi. Nilimhurumia sana. Usiku na mchana aliitunga hotuba yake, akaifanyia mazoezi juu ya vichwa vya wateja, na wengi walitoka wamenyolewa zaidi ya walivyoomba, kwa sababu alipofika penye neno "haki" mkono ulienda mbali.

Siku ikawadia. Tuliingia tumevaa nguo za harusi, tukakaa katika viti vinavyozunguka, na muuguzi mstaafu akazunguka mara kadhaa kabla ya kujizuia. Mbele alikaa Mwenyekiti na nyundo yake, kando yake Katibu na kalamu. Katika safu ya wageni walikaa Mkuu wa Barabara na Mkuu wa Mitaro, bega kwa bega, wakitabasamu kama watu waliokuja kula keki.

Aliyetangulia uwanjani ni Mchinja Nyama. Alibonyeza, taa ikawaka, akaomba taa zaidi sokoni, akanguruma mpaka glasi za maji zikalia. Tukapiga makofi. 

Kisha jina la Kinyozi likaitwa, na Mfyeka Misitu akasimama. Lo! Ulimi uliokuwa jiwe ukayeyuka! Alinyoosha mkono, akatupa kichwa nyuma, akanena maneno ambayo sijawahi kuyasikia tena hapa duniani. Aliita mtaro joka lililopasua mtaa, akaita bamba ngao ya wanyonge, akawataja wajenzi wa kale na vizazi vijavyo. Mimi niliyekuwa karibu nilitokwa na machozi, kisha nikatazama kipaza sauti, na machozi yakakauka. Taa haikuwaka. Hakuwa amebonyeza. Ukumbi ule ni mpana na mashine ya baridi inavuma, na wale wa mbali waliona tu mtu mzima akifungua na kufunga mdomo kwa uchungu. Nikamvuta shati. Akadhani nampongeza, akapandisha mikono juu zaidi.

Kengele ya muda ikalia.

"Mjumbe," alisema Mwenyekiti kwa upole, "tulikuwa tunasubiri uanze. Bahati mbaya muda wako umekwisha."

Shujaa aliporomoka kitini. Akakiona kitufe alichokisahau, akakibonyeza kwa hasira. Taa ikawaka, nyekundu kama pilipili. Naye hakuitazama, alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Nimeharibu, ndugu yangu. Maneno yote yale, bure. Mimi nilitaka tu mama avuke akanywe chai na mwenzie. Jana hakutoka nje kabisa. Alikaa ndani anaangalia ukuta, namuuliza una nini mama, ananiambia, sina wa kumwambia."

Maneno hayo yalitoka katika kila spika ya ukumbi ule. Yakaenda mpaka kwenye pazia, yakarudi. Kinyozi alisikia sauti yake mwenyewe ikitokea darini, akaiona taa, na uso ukamwiva.

"Hee, samahani," alisema Mwenyekiti. "Muda wa mjumbe ulishakwisha, kwa hiyo hayo..."

"Taa inawaka, Mheshimiwa," alisema Katibu bila kuinua macho. "Nimeshaandika."

Mwenyekiti akaitazama taa, akakuna kidevu. "Basi ni hoja. Nani anaiunga mkono?"

Hapo ndipo aliposimama Mchinja Nyama, mpinzani wetu, ambaye hoja yake ilikuwa karibu kushinda, nasi tukajua tumekwisha. Akabonyeza kitufe kwa kidole kinene.

"Mheshimiwa, yule mama ni mteja wangu," akasema. "Kila akija alikuwa ananisema. Nyama ina mifupa mingi, kisu hakina makali, mbona umenenepa. Tangu daraja livunjike sijasemwa na mtu. Duka limepoa, Mheshimiwa, sina raha. Naondoa hoja yangu ya taa, naunga mkono ya huyu bwana, na ofisi inayohusika ijibu hapahapa."

Wakuu wawili wakasimama kwa pamoja, na kila mmoja akamnyooshea kidole mwenzake. Vicheko vikalipuka. Wakatazamana, wakaona vidole vyao, wakavishusha taratibu.

"Basi liwe lenu wote," alisema Mwenyekiti. "Barabara walete bamba, Mitaro waliweke. Wanaokubali?"

"Ndiyoooo!" Sauti ya Mchinja Nyama peke yake ingetosha.

"Nafikiri waliosema ndiyo wameshinda," akatamka, na nyundo ikashuka. Enyi mliowahi kusikia mizinga ya ushindi, haikuzidi nyundo ile! Nilimkumbatia Kinyozi, naye akaniuliza sikioni, "Kwani nimesema nini?" Safari hii nilihakikisha taa imezimwa.

Bamba likaja. Watu wa Barabara walilishusha, watu wa Mitaro wakalilaza, wakibishana njia nzima nani ashike upande upi. Zege lilipotulia, mtaa wote ulitoka nje. Kinyozi alivaa tena suti ya kuhitimu, akapanda juu ya kiti chake cha kunyolea, akaanza, "Enyi wana wa mtaa huu, leo historia..."

"Shuka utavunja kiti," alisema mama, akampita.

Akaweka mguu wa kwanza juu ya bamba, akalijaribu kwa kisigino, kisha akavuka. Ilikuwa safari ya hatua chache, na tulishangilia kama aliyevuka bahari. Iandikwe basi, na wanaotunga tarikhi za miji waipe ukurasa wake: siku ile Kinyozi, Jemadari wa Mkasi, aliuteka mji kwa ajili ya mama yake, na mji ukamshukuru. Nilimwona akijifuta macho kwa taulo la wateja.

Mama aliketi kwa shoga yake, magoti yakagusana, chai ikamiminwa.

"HABARI ZA TANGU JUZI?" alifoka mama.

"Mbona unanipigia kelele?" alifoka Bibi wa Ng'ambo. "Niko hapa!"

"NIMEZOEA!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika sahanini. Halafu mama akamshika mkono mwenzie, akamsogelea, akamwambia jambo. Na sisi tuliojipanga ukingoni na masikio yetu yote, kwa mara ya kwanza tangu lori lile lipite, hatukusikia hata neno.